Aliyeyeyusha Vijiko vya Ujiji

Kama yupo mtu wa Ujiji wa rika langu ambaye bado ana vijiko vyake sita kamili vya zamani, vile vyeupe vizito vilivyoletwa na wafanyabiashara enzi za mkoloni, basi mtu huyo miaka ile alikuwa safarini, au alifuga mbwa mkali. Sisi tuliokuwa nyumbani, vijiko vyetu viliondoka kimoja kimoja, vikaingia katika mtungi wa maji ya betri ndani ya kibanda kimoja pale Buzebazeba, vikatoka vikiwa unga wa kijani. Na kijani kile kilikuwa kijani kweli. Majani ya mgomba yakikiona yalikuwa yanainama kwa aibu.

Mwenye kazi hiyo alikuwa mkufunzi wetu wa kisomo cha watu wazima. Tulimwita Mkufunzi, na jina hilo linatosha. Kumwita Mwalimu tulishindwa, maana Mwalimu nchi nzima alikuwa mmoja, na picha yake ilikuwa ukutani juu ya ubao ikitutazama tunavyokosea herufi. Huyu wetu alizaliwa wapi, babaye nani, ukoo upi, msiniulize. Wapo waliosema ni Muha wa Kasulu, wapo waliosema alivuka ziwa akiwa mgongoni kwa mamaye. Mwenyewe ukimwuliza alijibu, "Mimi nilianza siku niliyoshika chupa ya kwanza," kisha akakuuliza kama nyumbani kwako kuna kijiko.

Chupa hizo ndizo zilizomsomesha. Miaka kumi na miwili aliosha chupa katika maabara ya Wazungu ng'ambo ya ziwa, kwenye kiwanda kimoja cha mafuta ya mawese. Hakuruhusiwa kushika kitu kingine chochote, hata kiberiti. Alioshwa na kazi hiyo akawa mtaalamu. "Anayesoma kitabu anajua kilichoandikwa," alituambia siku ya kwanza ya somo la sayansi. "Anayeosha chupa anajua kilichobaki." Wakaandika maneno hayo kwenye madaftari wale waliokuwa wameshafika kwenye herufi zote. Mimi nilikuwa nimefika kwenye M.

Mimi kazi yangu ni fundi baiskeli. Leo ni mhitimu, cheti ninacho, kimetundikwa ukutani juu ya pampu ili mteja akiinama kujaza upepo akione. Lakini wakati ule nilikuwa sijui hata jina langu lina mkia upande gani. Mkufunzi alinipenda mapema, nami nikadhani ni kwa akili zangu. Kumbe alipenda usukani wa baiskeli za kizamani, ule unaong'aa. Alikuwa akija kwenye kibanda changu saa nne asubuhi, anapapasa usukani wa mteja kama mtu anayepapasa shavu la mtoto, anasema, "Hii ni nikeli, bwana. Ngozi tu, lakini ni nikeli." Mteja akimtazama vibaya, anaongeza, "Siibi. Namsalimia."

Alivaa koti la maabara ambalo zamani lilikuwa jeupe. Mifukoni alibeba vijiko alivyookoa siku hiyo, yeye alisema kuokoa, kwa hiyo alisikika kabla ya kuonekana: kling'i, kling'i, kling'i, kutoka kona ya msikiti. Mama watoto wangu akisikia mlio ule alikuwa anachomeka vijiko vyetu vitatu vilivyobaki ndani ya ndoo ya unga wa muhogo, anaketi juu ya mfuniko, anakunja kanga magotini.

"Shikamoo Mkufunzi."

"Marahaba, marahaba. Mwakeye hapa, mmeamkaje? Mna chai?"

"Tunayo."

"Mnaikorogea nini?"

"Kijiti, Mkufunzi."

"Kijiti!" Hapo alikuwa anahuzunika kwa dhati, sauti inamtetemeka. "Nchi huru, watu wanakoroga chai kwa kijiti!" Kisha anaitazama ndoo. Anamtazama mama watoto. Anaitazama ndoo tena. "Dada yangu, unga huo mbona umekaliwa?"

Na ajabu yake ni hii: mtu huyo aliyewanyang'anya watu vijiko, yeye mwenyewe alikula kila kitu kwa kijiko. Ugali kwa kijiko. Samaki mgebuka wa kuchoma kwa kijiko. Nilimwona mara moja akimenya ndizi kwa kijiko, na wallahi naapa. Alikuwa na cha mbao, amekifunga kamba shingoni. Tukimcheka alisema mikono yake imeshika sumu nyingi, haifai kuingia mdomoni. Jambo hilo alilifundisha kwa ukali: unga wa kijani usionje, usinuse, usipake. Bata wa jirani aliyeudokoa siku moja alitembea kinyumenyume mpaka Ijumaa. Lakini mwalimu huyo huyo wa usionje alikuwa haingii nyumba ya mtu bila kufunua chungu na kuonja mchuzi kabla hajakaribishwa.

Sasa niwaeleze unga ule ulikuwa wa nini, na nitaeleza kama alivyotueleza, saa kumi na moja jioni, mbele ya wavuvi, wauza dagaa na akina mama wenye watoto mgongoni.

"Mawese yetu," alisema, "ni mafuta malegevu. Jua likiwaka Kigoma yanakuwa maji. Kiwandani wanayagandisha yawe mafuta ya kimbo, yawe sabuni ngumu. Wanayagandisha kwa nini? Kwa hewa inayoitwa haidrojeni. Lakini hewa hiyo na mafuta ni kama kijana na binti waliokaa nyumba jirani miaka kumi bila kusemeshana. Ndoa itafungwaje?"

"Kwa mshenga!" tukaitikia.

"Ego, ndiyo! Mshenga. Sayansi inamwita kichocheo. Anamshika huyu mkono, anamshika yule mkono, anawakutanisha, kisha anaondoka zake bila kuolewa yeye, anakwenda kwa wengine. Na mshenga wa mafuta ni nikeli."

Mvuvi mmoja wa Bangwe, aliyekaa nyuma, akanyoosha kidole. "Kwa hiyo huu wa kijani ndiye mshenga?"

"Bado. Huyu ni mshenga aliyelala. Ni chumvi ya nikeli. Kiwandani watampaka kwenye udongo maalumu, watamwamsha kwa moto, ndipo aanze kazi. Mimi simtengenezi mshenga. Mimi natengeneza usingizi wake."

Maneno mazuri, lakini mvuvi wa Bangwe alisikia la mshenga tu. Alikuwa anaposa Katubuka na kukataliwa kwa mara ya nne. Jumamosi yake akachota unga kiasi cha kujaza kiberiti, akaunyunyiza mlangoni kwa wakwe. Baba mkwe akauona asubuhi, akadhani ni dawa ya panya, akauliza nani amemhurumia hivyo. Kijana akajitokeza. Mzee akampa jogoo wa shukrani, na mwezi uliofuata akampa binti. Mkufunzi alimfuata mpaka ufukweni kumweleza kwamba kisayansi haiwezekani. Mvuvi alimsikiliza kwa adabu, akampa migebuka sita. Mpaka leo ana watoto tisa, na hakuna wa kumwambia kitu kuhusu kemia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utulivu kuliko sifa zake. Vijiko vile vyeupe si fedha, alitufundisha. Ni shaba, zinki na nikeli waliokubaliana kujifanya fedha. Kijiko alikifunga kwenye waya wa betri ya lori, akakitundika ndani ya maji ya betri. Upande wa pili akatundika waya mwingine. Betri ikifanya kazi, kijiko kinakonda kama mgonjwa. Shaba ilihama ikajibandika kwenye waya wa pili, nyekundu. Maji yakabaki kijani. Humo akamimina magadi, na hapo, jamani, matope ya kijani yakashuka taratibu kama watu wazito wanaokaa mkekani. Akayachuja kwa kitambaa, akayaosha, akayaanika kwenye ungo juu ya paa. Kuosha ndiko alikokuthamini kuliko vyote. Aliosha kwa maji ya ziwa, mara ishirini, mara thelathini, mimi naweza kusema mara elfu. "Ziwa letu halina chumvi," alijisifu. "Duniani kote hakuna maji ya kuoshea kama haya." Lakini ndani ya maji hayo yeye hakutia hata kidole cha mguu. Aliogopa ziwa kiasi kwamba maji alichotewa na sisi wanafunzi, naye amesimama juu kwenye mchanga mkavu akipiga kelele, "Zaidi! Ya ndani zaidi!"

Kibanda chake kilikuwa na mlango wa mbao za masanduku na kufuli kubwa kuliko mlango. Ufunguo aliuvaa pamoja na kijiko. Aliniambia siku moja, bila utani, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra: "Fundi, miaka kumi na miwili niliosha chupa za watu, wakiondoka wanafunga mlango, mimi nabaki nje. Sasa mlango ni wangu. Nikifa nizikeni popote, lakini mlango huu usinifungie nje."

Kwa hiyo siku Balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja kukitaka kibanda, hatukucheka sana.

Balozi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kofia, na alikuwa na agizo la kufungua duka la ushirika. Alisimama mlangoni, pua ameziba kwa leso.

"Mkufunzi, elimu iwe ya manufaa. Ndivyo tulivyoambiwa."

"Ndivyo, Balozi."

"Unga huu unaliwa?"

"Hauliwi."

"Unarutubisha shamba?"

"Unaua shamba."

"Basi mimi naona hili ni duka la ushirika lililochelewa kufunguliwa."

Mkufunzi akashika mlango. "Unahitajika kiwandani, Balozi. Dar es Salaam wanauagiza Ulaya kwa meli, na sisi tunaweza kuutengeneza hapa."

"Nani kasema unafaa?"

 Hakuna aliyekuwa amesema. Palepale wakakubaliana mbele ya darasa zima: sampuli itumwe kwa treni kwenye maabara ya kiwanda hicho cha Dar. Wakisema inafaa, kibanda kitabaki cha Mkufunzi na somo la sayansi litaendelea. Wakisema haifai, kibanda ni duka, na sisi tutabaki na kusoma na kuandika tu. Walipeana mikono. Balozi alienda moja kwa moja kunawa.

Tulituma kopo moja la maziwa ya unga lililojaa kijani. Jibu lilichukua muda mrefu kiasi kwamba mimi nilitoka M nikafika Z, nikaanza kujumlisha. Lilipokuja lilikuwa na mistari miwili: zinki ni nyingi mno, sampuli haifai, mnaweza kujaribu tena. Balozi alifika jioni hiyo hiyo na futi ya seremala, akaanza kupima ukuta kwa ajili ya rafu za chumvi na viberiti.

"Wamesema tujaribu tena," Mkufunzi akamwambia. Sauti haikuwa yake.

"Wamesema haifai kwanza."

Darasa zima likalalamika, mpaka watoto mgongoni. Balozi akakunja futi yake. "Mara moja. Ya mwisho. Na nitakuwepo barua ikisomwa."

Wiki iliyofuata Mkufunzi aliosha unga mpaka vidole vikamnyauka. Aliosha darasani, aliosha wakati wa hesabu. Zinki haikutoka. Kwenye benchi la mbele alikaa mama mmoja wa Katubuka tuliyemwita Mama Sabuni, ambaye wazee wake walivuka kutoka Kongo, na ambaye sabuni yake ya mawese ilikuwa inatoa madoa mpaka na shati lenyewe. Alikuwa amemtazama Mkufunzi jioni tatu mfululizo, anatafuna muhogo mkavu.

"Weye Mkufunzi," akasema hatimaye. "Ndoo ya bati ile nyeupe nyeupe, imepakwa nini?"

"Zinki."

"Mimi maji yangu ya sabuni, ya majivu ya maganda ya ndizi yaliyotiwa chokaa, nikiyalaza ndani ya ndoo ya bati, asubuhi ngozi ile nyeupe imeliwa. Nimeharibu ndoo nne. Mume wangu amenisema mpaka amechoka."

Mkufunzi akaacha kuosha.

"Sasa wewe unaosha kwa maji ya ziwa ya nini?" akaendelea Mama Sabuni. "Ziwa limewahi kula ndoo? Mwagia ya kwangu. Yaile zinki, yaiache nikeli yako."

Mkufunzi alisimama pale, mikono ya kijani. Mwaka mzima alikuwa amejisifia maji ya ziwa. Kisha mzee mzima yule, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akainamisha kichwa mbele ya mama aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini, akasema, "Shikamoo."

"Hebu! Usinizeeshe!" Mama Sabuni akaruka na benchi lake. "Mbele ya watu! Nitapata mchumba kweli mie mume wangu akifa?"

Hakuitikia marahaba, lakini kesho yake alileta madebe mawili. Kilichokosekana sasa ni vijiko. Ujiji ilikuwa imekwisha. Nilirudi nyumbani, nikakaa nikiitazama ndoo. Mama watoto akanitazama, akainuka kwenye mfuniko wa ndoo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa vijiko vitatu vyeupe kwa unga.

"Mpelekee. Balozi akipata kibanda kile ataanza na sukari, na sukari ataanza na shemeji zake. Heri kemia."

Unga wa safari ile ulikuwa mdogo, nusu kikombe, lakini ulikuwa wa kijani kilichotulia, si kile cha kupauka cha mwanzo. Mkufunzi hakuujaza kwenye kopo. Aliufunga kwenye karatasi ya daftari jipya, akausindikiza mpaka stesheni, na treni ilipoanza kuondoka akatembea nayo kando, akiwa na kijiko chake shingoni, mpaka jukwaa likaisha.

Barua ilipofika, Mkufunzi aliileta darasani imefungwa. Balozi alikuwa amekaa kiti cha mbele, futi mfukoni. Akina mama walishika watoto wasilie. Mkufunzi akasema miwani yake imevunjika, akatutazama mmoja mmoja, akanipa mimi.

Mimi! Barua ya serikali kabisa, yenye mhuri, na mimi mwaka uliopita nilikuwa kwenye M. Nilisimama.  Nikasoma kwa sauti: "Sam-pu-li ye-nu ya pili i-me-pi-mwa. Zinki i-me-pungua. Sampuli inafaa."

Na hapo jicho langu lilikuwa limeshatangulia mstari wa chini. Ulisema: "Tafadhali leteni tani moja kwa kuanzia."

Tani moja. Ungeyeyusha vijiko vya Kigoma, Kasulu na Kibondo, ukaongeza na vya Bujumbura, usingefika popote. Nikamwona Balozi ameshika futi yake, akinisubiri nimalize. Akisikia tani angecheka, angesema hamwezi, basi kazi haina manufaa, leteni ufunguo. Nikakunja barua.

"Imeisha," nikasema.

Vigelegele! Mama Sabuni alimnyanyua Mkufunzi juu kama mtoto wa kuogeshwa. Balozi alisimama, akampa mkono, na safari hii hakwenda kunawa. Duka la ushirika lilifunguliwa nyumba ya nne, nyumbani kwa shemeji. Kibanda kikabaki, nasi tukasoma sayansi humo mpaka wengi wetu tukahitimu, na barua ile ilipigiliwa msumari ukutani ikiwa imekunjwa vilevile, mstari wa chini umeangalia ukuta. Hakuna aliyeifunua. Mimi nilikuwa nahakikisha.

Miaka mingi baadaye niliitwa Katubuka kutengeneza baiskeli, na mwenye baiskeli alikuwa mkwe wa Mkufunzi. Mzee alikuwa barazani, amefunikwa shuka, masikio makubwa kuliko nilivyoyakumbuka. Nilimaliza tairi, nikakaa naye. Tulimsema Balozi, Mungu amrehemu. Tulimsema Mama Sabuni, ambaye mumewe alikataa kufa. Nikaona nisipolisema lile leo sitalisema tena.

"Mkufunzi, ile barua. Nilikudanganya. Kulikuwa na mstari sikuusoma."



"'Tafadhali leteni tani moja kwa kuanzia,'" akasema. "Mhuri umekaa upande wa kushoto."

Nikashika mguu wa kiti. "Kumbe ulijua?"

"Niliisoma posta mara tatu. Nikaifunga tena kwa uji wa muhogo."

"Sasa kwa nini ukanipa mimi?"

"Nilitazama darasa zima. Watu wakweli watupu. Mama Sabuni angesoma mpaka anwani. Nikakuona wewe, fundi, uliyewahi kuniambia umepanda kilima cha Kibirizi kwa baiskeli isiyo na mnyororo. Nikasema, huyu ndiye."

Alicheka mpaka bintiye akatoka ndani na kikombe cha maji. Nilimsubiri anywe.

"Na kiwanda uliwajibu nini?"

"Sikuwajibu."

"Hata kidogo?"

Akanisogelea, akashusha sauti ili bintiye asisikie. "Fundi, maisha yetu yote Kigoma tunasubiri Dar. Sabuni yao tunasubiri, sukari yao, gazeti lao la juzi, behewa lao lililokwama Tabora. Leo kipo kiwanda kizima huko, chenye bomba la moshi, kinaisubiri Kigoma. Wewe ungewaandikia uwaambie wasisubiri?"

"Nisingewaandikia."

"Basi." Akavuta shuka mpaka kidevuni, akatulia kama mtu aliyeacha mgeni sebuleni naye hana haraka ya kutoka. "Wakae. Karibu wataletewa."